Mchanga wa Bwana Shee

Vijana wa maabara mmeniomba niwaandikie machache kabla sijasahau, nami nimekubali kwa sharti moja: msitarajie habari za vyeo. Vyeo vilikuja vilipotaka, vingine vilinipita mlangoni vikaenda kwa jirani, na mshahara wetu nyote mnaujua. Nitawaandikia habari za vyombo na harufu, na za mtu mmoja aliyenifundisha kazi, na jinsi mchanga ulivyotaka kumponza yeye na msichana mmoja kwa pamoja.

Niliingia katika maabara ya kemia ya chuo chetu, kule upande wa Buxton, Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa msichana wa Kigiriama kutoka Kaloleni, nina cheti kipya na viatu vipya, na vyote viwili vilinibana. Mkuu wa mafundi wa maabara alikuwa Bwana Shee, Mswahili wa Mji wa Kale, mtu mfupi, mnyamavu, mwenye kofia ya vito, ile inayotariziwa kwa mkono, na koti jeupe lililopigwa pasi likasimama lenyewe. Nilimkuta akifuta mizani. Nikamwambia, "Bwana Shee, nimetumwa nichukue bureti." Akaendelea kufuta. Nikarudia. Akafuta. Mwisho akanitazama, akasema kwa upole, "Sabalkheri, mwanangu."

"Sabalkheri," nikasema.

"Umeamkaje?"

"Nimeamka salama."

"Na mama, na watu wa nyumbani?"

"Wote wazima, alhamdulillahi," nikajibu, mimi Mkristo wa Kianglikana, kwa kubabaika.

"Haya. Sasa wataka nini?"

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba katika maabara ile salamu ilitangulia kemia. Tangu siku hiyo nilimwita Maalim, na hakunikataza. Wiki yangu ya kwanza yote aliniweka penye sinki. Aliniambia chupa safi ni ile ambayo maji yanateremka ndani yake kwa pamoja, kama shuka inavyovuliwa kitandani. Yakisimama matone matone, bado ina mafuta, rudia. Nilirudia mpaka nikaanza kuota sinki. Nikilalamika kwamba chupa ni safi, alikuwa akisema, "Weye waiona kwa mato. Niulize mimi, naiona kwa mai." Sikumwelewa mpaka mwaka wa pili: mato, yaani macho, hudanganywa, lakini mai, yaani maji, hayadanganywi.

Vyombo vyetu vilikuwa vya zamani na vilihitaji kubembelezwa. Mizani haikupenda upepo, kwa hiyo kaskazi ikivuma tulifunga madirisha yote tukapima huku tukitokwa na jasho. Vyuma vilikula kutu kwa ile hewa ya chumvi tuliyonayo kisiwani. Kila bawaba ilikuwa na grisi na kila bomba lilikuwa na kitambaa chake. Mtungi wa kukenekia maji, wa kuyachemsha na kuukusanya mvuke wake, ulikuwa na tabia zake kama mama mkwe. Ukiuwasha bila kuuangalia, uliharibika siku ile ile uliyokuwa na haraka. Leo mna mashine inayopima kila kitu kwa kubonyeza, na nafurahi kwa ajili yenu, lakini sijaona mashine inayowafundisha kungoja.

Katikati ya miaka hiyo ya tisini alitujia Kadzo. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili, amesajiliwa katika chuo kikuu cha bara, lakini kazi yake ya maabara aliifanya kwetu kwa sababu moshi alioutaka ulikuwa huku pwani. Alikuwa mtu wa kwetu Kaloleni, mrefu, mwenye sauti ya chini, na kwa hiyo mimi nikawa dada Dama kabla hajamaliza kunisalimu. Mamake alichoma makaa ya vifuu vya nazi. Nyie mnaotumia gesi hamjui moshi ule. Vifuu vikiungua polepole ndani ya shimo, hutoa mvuke mkali wenye asidi, unaokuchoma macho na koo mpaka unakohoa kama mtu mwenye kifua kikuu. Macho ya mamake Kadzo yalikuwa mekundu tangu binti yake yuko shule ya msingi. Kadzo alitaka kutengeneza kitu cha kuwekwa kwenye bomba la moshi, kitakachoziunguza asidi zile kabla hazijamfikia mamake. Hiyo ndiyo iliyomleta, na alituambia hivyo siku ya kwanza bila kuona haya.

Asidi zenyewe ni nyepesi. Moja ni ya siki, mnayoijua kwenye kachumbari. Nyingine ni fomiki, ambayo wale chungu wekundu wa mikorosho, majimoto, hukupa bure ukiwagusa. Hewa peke yake haiziunguzi asidi hizi mpaka moto uwe mkali mno. Lakini ukiweka njiani oksidi za metali, kwa mfano ya manganizi na ya shaba, mambo hubadilika. Asidi hutua juu ya ile oksidi, nayo oksidi huipa oksijeni yake yenyewe. Asidi inageuka kuwa maji na hewa ya kaboni, basi, inakwenda zake. Oksidi imebaki na pengo, na pengo hilo huzibwa na oksijeni inayotoka hewani. Ni kama jirani anayekuchotea chumvi kwenye kopo lake, kisha anatuma mtoto dukani: wewe umepika, na kwake chumvi haikuisha. Kwa hiyo oksidi inaitwa kichocheo. Inafanya kazi siku nzima na jioni iko pale pale.

Kukitengeneza kichocheo ilikuwa kazi ya kupendeza na ya uchafu. Tulichukua permanganati, ile dawa ya zambarau ya kuoshea mboga, tukaichanganya na chumvi za manganizi na shaba. Zambarau ikafifia, likabaki tope jeusi. Tope lile tulilisuuza mara nyingi, tukalikausha, tukalisaga, tukalioka tanurini likawa unga mweusi tititi. Vidole vyangu viligeuka rangi ya kahawia. Nilikwenda harusini Makadara nikiwa hivyo, na mama mmoja akaniuliza kwa huruma hina yangu nilipakwa na nani.

Mtambo wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutii. Hewa ilitoka kwenye mtungi wa chuma, ikapita ndani ya chupa ya asidi ikabeba mvuke, ikaingia kwenye mrija wa glasi uliolala ndani ya tanuri la umeme. Ndani ya mrija ndimo kilimokaa kichocheo. Ilipotoka upande wa pili, ilipita kwanza kwenye chupa ya maji baridi, ili tupime ni asidi kiasi gani imesalia, kisha ikapita kwenye maji ya chokaa. Maji ya chokaa hubaki maangavu kama ya kunywa, lakini hewa ya kaboni ikiyagusa huwa mazito kama tui. Asidi ikipungua na maji ya chokaa yakawa tui, uoksidishaji, huko kuunguzwa kwa oksijeni, umefanyika. Hizo ndizo alama zetu mbili. Chupa za baridi zilihitaji barafu, na barafu ya karibu na ya hakika ilikuwa Liwatoni, kwa watu wa samaki. Kwa hiyo maabara yetu ya kemia ilinuka changu na kolekole mwaka mzima, na paka wa chuo wakahamia dirishani kwetu.

Sasa tunafika kwenye mchanga. Unga ule mweusi ukiujaza peke yake ndani ya mrija unashikamana, hewa haipiti. Lazima uuchanganye na chembechembe za kitu kisichoshiriki, kitu kinachokaa tu kama mgeni asiye na maneno. Vitabu vyote vilisema: mchanga safi mweupe. Tukaagiza mchanga wa maabara. Ukakawia. Tukaandika barua, nayo ikakawia vile vile. Kadzo akaanza kuhesabu siku, maana muda wake wa masomo ulikuwa na mwisho, na ukiisha kabla hajamaliza, angerudi nyumbani bila shahada na bila kichocheo.

Bwana Shee akamwambia, "Mtanga hautushindi sisi watu wa pwani. Ningoja Jumamosi."

Jumamosi alikwenda ufuoni mwenyewe, akachagua mchanga mweupe kabisa, akauleta nyumbani kwake. Akausuuza maji baridi, akausuuza maji moto, akauanika darini, akauchekecha kwa chekecheke ya mkewe, Bi Zuhura, ambaye baadaye aliniambia kwamba hakurudishiwa. Kisha akaujaribu kwa dawa ya kutambua chumvi, akarudia mpaka dawa ikasema hakuna chumvi hata chembe. Ulikuwa mchanga mzuri, mweupe kama unga wa mchele, na uangalifu aliouweka pale ungetosha kumwosha maiti. Chumvi yote ilikuwa imetoka. Hakuna kati yetu aliyeuliza mchanga wenyewe ni kitu gani.

Matokeo yalikuwa ya ajabu. Kwa moto mdogo tu asidi ilitoweka karibu yote, na maji ya chokaa yakawa tui mbele ya macho yetu. Daktari Mutiso, mhadhiri kutoka Machakos aliyemsimamia Kadzo, alifurahi mpaka akaleta soda. Alikuwa mtu mwema, na nasema hivyo mapema ili msimhukumu huko mbele. Alipeleka habari bara kwa wenzake kwamba Mombasa tumepata kichocheo kinachofanya kazi kwa joto dogo kuliko walivyotarajia. Kadzo akaandika ripoti yake. Tarehe ya profesa mgeni kuja kumtahini ikapangwa.

Kitu kimoja tu kilimsumbua Kadzo. Kaboni iliyoingia ikiwa ndani ya asidi na kaboni iliyotoka kwa upande wa pili hazikulingana. Nyingi ilikuwa inapotea njiani. Bwana Shee alisema bila shaka mtambo unavuja. Tukapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo tukitafuta mapovu. Tukabadilisha mipira, tukapaka grisi, tukafunga nyaya. Mzee alikuwa akilala chali chini ya meza na taa ya mkono, na hatukuona penye kuvuja. Kadzo alikonda. Nikimwambia ale, alisema, "Nitakula nikiipata kaboni yangu, dada."

Asubuhi moja stima, yaani umeme, ikapotea. Nyakati zile stima ilipotea kama mtu aliyetoka kwenda msikitini. Hujui atapitia wapi. Tulikuwa tumeanza jaribio, na tanuri likaanza kupoa. Tukatoka barazani kunywa chai ya tangawizi, tukangoja huko mpaka karibu adhuhuri. Hewa hatukuifunga, kwa kuwa ilitoka kwenye mtungi na haikuhitaji stima. Iliendelea kububujika ndani ya chupa ya asidi na kupita kwenye mrija. Tuliporudi, Kadzo, kwa mazoea tu, aliondoa maji ya chokaa ya zamani akaweka mapya. Akasimama akiyatazama.

"Dada Dama," akaniita, "tanuri lina moto?"

"Litakuwaje na moto na stima hakuna?"

"Liguse."

Nikaligusa. Lilikuwa baridi kama meza. Ndani ya chupa, yale maji mapya ya chokaa yalikuwa yanageuka tui taratibu, kama siku zote.

Bwana Shee alikuja na kikombe chake mkononi, akatazama chupa, akatazama tanuri. Akaweka kikombe chini. Akalifungua kopo la mchanga, akachota kijiko kimoja, akaumwaga juu ya kisahani cha kioo, akaudondoshea asidi ya siki. Mchanga ukatoa povu. Ulichemka pale juu ya kisahani kwa sauti ndogo, na sote watatu tuliisikia.

"Matumbawe," akasema. "Matumbawe na makombe yaliyosagika. Mtanga wetu wote ndo huu."

Vitabu viliandikwa na watu ambao mchanga wao ni mawe magumu, na asidi haiyagusi. Wetu ni matumbawe, kitu kile kile kinachochomwa kikawa chokaa. Asidi huula, na ukiliwa hutoa hewa ya kaboni. Alama zetu mbili, asidi kupungua na maji ya chokaa kuwa tui, mchanga ulikuwa unazitoa zote mbili peke yake, bila moto na bila kichocheo. Hata ile kaboni iliyopotea tuliipata: mchanga hutoa hewa kidogo kuliko uoksidishaji wa kweli, na sehemu kubwa ya asidi hubaki mle mle mchangani ikiwa chumvi. Kikulacho ki nguoni mwako. Sisi tulikitafuta chini ya meza na povu la sabuni.

Siku ile ile tulikaa na Daktari Mutiso. Alisikiliza yote, akavua miwani, akajikanda macho.

"Kichocheo chenyewe huenda kinafanya kazi," akasema. "Hatujui kwamba hakifanyi."

"Wala hatujui kwamba kinafanya," Kadzo akajibu.

"Profesa anakuja baada ya wiki chache, Kadzo. Ukianza upya ukakosa, muda wako umekwisha na hutaongezewa. Ripoti uliyonayo ni nzuri. Hakuna mtu atakayeuliza habari za mchanga."

Bwana Shee akasema, "Daktari, kwa heshima yako. Ndia ya mwongo ni fupi."

"Sikusema tuseme uwongo, Bwana Shee. Nimesema tusianzishe swali."

Mzee akamgeukia Kadzo, si Daktari. "Kazi ni yako, mwanangu. Mtanga nilileta mimi, lakini kazi ni yako. Waonaje?"

Kadzo alitazama mikono yake. Mimi niliomba moyoni aseme jambo hilo liachwe, nawaambia kweli. Nilikuwa nimemwona akikonda. Nilitaka apate karatasi yake aende kwao.

"Nikimwekea mama kitu hiki kwenye bomba lake," akasema hatimaye, "mchanga utafanya kazi mpaka utakapoliwa wote. Halafu moshi utarudi, naye atadhani amekosea yeye. Umwagwe."

Bwana Shee akaubeba mchanga nje kwa mikono yake mwenyewe, akaumwaga kwenye msingi wa ukuta.

Siku ya pili hakuja kazini. Hata ya tatu. Mtu ambaye hakuwahi kukosa hata siku ya mvua ya masika. Alikuwa amebakisha miezi michache astaafu, na watu walianza kusema labda ameona heri apumzike mapema. Baada ya kazi nikashika njia ya Mji wa Kale, nikapita Ngome ya Yesu, nikaingia vichochoroni mpaka kwake Kibokoni. Bi Zuhura alinikaribisha kwa kahawa na kaimati, na kabla sijauliza akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwambie wewe. Mie hanisikizi. Akaa kutazama ukuta."

Kweli alikuwa akitazama ukuta. Tukasalimiana salamu zote, haikupungua hata moja. Kisha akapapasa ule ukuta wa nyumba yake, mahali plasta ilipobanduka.

"Waona hili? Tumbawe na chokaa. Nyumba hii nimezaliwa ndani yake. Babangu alikuwa fundi wa chokaa, Dama. Nikiwa mdogo nalicheza karibu ya tanuri la kuchomea matumbawe. Mtu mwengine akikosa, huambiwa hakujua. Mimi n'taambiwani?"

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, Maalim," nikasema, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiniambia hivyo nikivunja chupa.

Akacheka kidogo, kwa pua.

"Basi sikuambii pole," nikaendelea. "Nakuambia Kadzo ameanza kusaga vioo peke yake, na anavisaga vikavu. Vumbi la kioo litamwingia kifuani kabla profesa hajafika."

Akainuka. "Vikavu?" akauliza, na akaanza kutafuta kofia yake.

Tulikuwa tumeamua kutumia vioo vya maabara vilivyovunjika, kwa kuwa asidi haivigusi. Bwana Shee alitufundisha kuvitwanga vikiwa majini ili visitoe vumbi, kwenye kinu cha chuma, na kitambaa puani juu ya hayo. Chembe za chuma zilizotoka kwenye kinu tulizitoa kwa sumaku, kisha kwa asidi kali, kisha kwa maji mengi. Safari hii kabla ya jambo lolote alichukua chembe za kioo akazidondoshea siki. Zikanyamaza. Akarudia. Zikanyamaza. Halafu akamwambia Kadzo ajaze mrija kwa kioo kitupu, bila kichocheo, apitishe asidi kwa kila joto. Ndilo jaribio tulilopaswa kulifanya mwanzo. Maji ya chokaa yalibaki maangavu tangu asubuhi hadi jioni. Nimeona mambo mengi katika ile maabara, ila sikumbuki furaha kama ile ya kukaa siku nzima kutazama chupa ambayo haifanyi kitu.

Kisha tukaweka kichocheo. Tanuri likiwa baridi: hakuna. Moto mdogo, ule uliotupatia soda ya Daktari: hakuna. Tukapandisha. Hakuna. Kadzo alikuwa amesimama mikono kifuani, midomo ikimcheza, na nilijua anasali. Moto ulipopita ule wa mafuta ya kukaangia viazi, uzi mwembamba wa ukungu ukaonekana mdomoni mwa kijibomba, ndani ya maji ya chokaa. Ukatawanyika. Ukaja mwingine. Tukapandisha moto kidogo zaidi, na chupa yote ikawa tui. Kadzo akapima asidi iliyosalia, akapima kaboni iliyotoka, akafanya hesabu mara mbili, akampa Daktari Mutiso aifanye ya tatu. Zililingana. Daktari akasema, "Zimelingana," akatoka nje, na hatukumwona mpaka baada ya chakula cha mchana.

Bwana Shee ndiye aliyetaka jaribio la mwisho. Alitaka tuifunge hewa, tuibebe asidi kwa naitrojeni tupu isiyo na oksijeni, tuone. Kichocheo kiliendelea kufanya kazi kwa muda, kwa oksijeni yake yenyewe, kama vitabu vilivyosema. Kisha kikachoka. Maji ya chokaa yakaacha kubadilika, na ule unga mweusi ndani ya mrija ukawa wa kahawia. Tulipofungulia hewa ukarudi kuwa mweusi, na kazi ikaanza tena. Vijana, nimewafundisha jambo hilo ubaoni miaka mingi, lakini siku ile nililiona kwa macho.

Profesa mgeni alifika kwa gari moshi la kutoka Nairobi, mama mzito wa umbo na wa maneno, aliyekuwa na sifa ya kuwarudisha wanafunzi kwao. Alikuwa na ripoti zote mbili, ya zamani yenye matokeo ya ajabu, na mpya yenye matokeo ya kawaida. Alitaka kuuona mtambo, kwa hiyo mtihani ulifanyika maabarani, Kadzo amesimama kando ya tanuri, Daktari ameketi, mimi na Bwana Shee tuko karibu na mlango tayari kwa lolote litakalohitajika. Akamwuliza mengi na Kadzo akajibu. Mwisho akazishika zile ripoti, moja kila mkono.

"Hii ya kwanza ilikuwa ikupe sifa," akasema. "Hii ya pili inasema ya kwanza ni bure. Umeandika hapa 'mchanga wa ufuoni'. Nani aliuleta huo mchanga?"

Kadzo hakumtazama mtu. "Ulikuwa wangu, Profesa. Kazi ni yangu, na mchanga ni wangu."

Nilisikia koti la Bwana Shee likichakarika pembeni yangu. Akapiga hatua mbele, kofia mkononi.

"Niwie radhi, Profesa. Huyu asisikizwe. Mtanga ni wangu, niliuleta na mikono hini. Wake ni ule uamuzi wa kuumwaga."

"Maalim," Kadzo akasema.

"Nyamaa, mwanangu."

Profesa aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Kisha akaiweka ripoti ya kwanza chini ya meza, karibu na miguu yake, na ile ya pili akaiweka juu.

"Nimetahini watu wengi," akasema, "na wote waligombania sifa. Kosa sijaona likigombaniwa." Akafungua ukurasa wa mwisho, akatia sahihi, akasema kwamba kwa upande wake Kadzo amefaulu na kwamba angependa chai.

Kadzo hakumwendea Profesa, wala Daktari Mutiso aliyekuwa tayari amenyoosha mkono wa pongezi. Alivuka chumba, akapiga magoti mbele ya Bwana Shee. Mzee akainama akamshika mabega.

"Inuka, mwanangu. Sakafu hini ina vioo."

Haikuwa na kioo hata chembe. Nilikuwa nimeifagia mwenyewe asubuhi ile.